Kaka Everett na Watu wa Niache

Agosti 18, 2014. Jumatatu

Tumeanza kuchuma matufaa ya mapema. Mwaka huu miti imebeba hadi nimelazimika kuegemeza matawi kwa nguzo. Alrick na kikosi chake waliwasili Ijumaa kutoka Jamaica, kama kila mwaka. Ameniambia sijazeeka hata kidogo, nikajua ana ombi. Anataka jiko la pili katika nyumba ya wachumaji, maana la kwanza linagombaniwa. Nilimkubalia kabla hajamaliza kunisifu, na nadhani hilo lilimsikitisha. Alikuwa ameandaa maneno mengine mazuri.

Jioni kaka Everett alipita kula pai. Ana miaka sabini na miwili, na ametuwakilisha kwenye Bunge la jimbo kule Concord tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Safari hii, kwa mara ya kwanza, ana mpinzani ndani ya chama chetu wenyewe cha Republican: Calista Voorhees, yule mwanamke mfuga mbuzi aliyehamia hapa Ellsbury juzi juzi tu.

"Chama si hoteli," Everett alisema. "Huji na sanduku lako ukadai chumba cha mbele."

"Ana haki ya kugombea, kaka."

"Haki anayo. Haya ndiyo hana."

Nikamwongezea pai.

Agosti 21

Mvua kutwa. Hatukuchuma. Nimeshona mifuko ya wachumaji iliyopasuka.

Agosti 23, Jumamosi

Mimi ni mwenyekiti wa chama hapa mjini. Cheo hiki nilikipata kwa sababu wakati wa kuchagua nilikuwa nimetoka kuchota kahawa, na niliporudi nikakuta watu wananipigia makofi.

Leo mkutano wa mwezi ulijaa. Calista alikuja na wenzake, wale ambao Everett anawaita watu wa Niache. Niache nifuge, niache niuze, niache nivute ninachotaka, niache na bunduki yangu, niache na kodi zako. Zamani walikuwa wawili watatu, wakikaa nyuma karibu na mlango kama wageni wa msiba. Leo walichukua safu mbili za mbele, na mzee mmoja wetu alizunguka ukumbi mzima akitafuta kiti alichokizoea tangu enzi za mkewe.

Kwenye kodi tunaimba wimbo mmoja nao. Tatizo linaanza wimbo ukiisha. Sisi wahafidhina wa zamani tunapenda serikali ndogo, lakini yenye kola iliyonyooshwa na inayokwenda kanisani. Wao hawaitaki hata ikiwa imevaa vizuri.

Wakati wa sala ya kufungua, Calista alisimama kwa heshima lakini macho wazi. Nilimwona kwa kuwa yangu nayo yalikuwa wazi. Akanitazama, nikafumba haraka. Sauti yake ni kali kama filimbi, na anavaa mabuti ya zizini mkutanoni. Simpendi sana.

Agosti 27, Jumatano

Nilimpelekea Calista taratibu za mdahalo. Nilimkuta kakaa juu ya ndoo akimkamua mbuzi mwenye pembe moja, hakuinuka.

"Samahani, Bi Lois. Huyu nikimwacha katikati ananuna wiki nzima."

Nikasubiri. Alipomaliza akanipa kikombe cha maziwa, bado ya moto. Nikakishika tu.

"Kunywa bila wasiwasi. Kukupa ruhusa ninayo. Kukuuzia ndiko kosa."

Hiyo ni sheria ya Everett. Hapa kwetu hakuna ruhusa ya kuuza maziwa wala juisi ya matufaa ambayo haikupashwa moto kwenye mashine iliyokubaliwa na serikali. Mimi niliinunua mashine. Wakamuaji wadogo wa juisi hawakuweza, wakafunga mmoja mmoja.

"Na wateja wao walikwenda wapi?" Calista aliniuliza.

"Walikuja kwangu."

Akaanza kuosha ndoo. Sikuwahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo, na halikunifurahisha kulitazama mbele yake.

Nilipokuwa natoka akanionyesha kibao cha namba cha gari lake, chenye kaulimbiu ya jimbo letu: Ishi huru au ufe. "Unajua vibao hivi vinatengenezwa wapi, Bi Lois? Gerezani." Nilicheka hadi nikamwaga maziwa. Mengine niliyanywa. Ni mazuri.

Agosti 30

Matufaa ya McIntosh yameanza kushika rangi. Everett amekula hapa, amelalamika kuhusu mabuti ya Calista. Sikumwambia kuhusu yale maziwa.

Septemba 2

Jua, upepo kidogo, matufaa mengi. Siku kama hii sina la kuandika, na sitaki kuwa nalo.

Septemba 5, Ijumaa

Jana sikuandika. Leo naandika yote.

Mdahalo ulikuwa kwenye ukumbi wa wakulima, baada ya chakula cha maharage na mkate wa kahawia. Watu walisimama hadi barazani. Mimi niliongoza, kengele ya mkono mezani, Everett kulia kwangu na suti yake ya Concord, Calista kushoto na mabuti yake.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mama mmoja aliuliza, "Wewe Calista, kodi zikifutwa, nyumba yangu ikishika moto gari la zimamoto litaletwa na nani?"

"Na mimi, mama. Nimo kwenye kikosi cha kujitolea. Bomba lako la moshi liliposhika moto majira ya baridi, aliyekuwa juu ya paa ni nani?"

"Ulikuwa wewe? Nilidhani ni mwanamume."

"Nilivaa mabuti haya haya."

Ukumbi uliangua kicheko, na hata Everett alitabasamu. Alipojibu kuhusu barabara na shule, alijibu kama mtu anayejua kila daraja la mji huu kwa jina la aliyelijenga. Nilijivunia. Nilifikiri, anashinda.

Kisha likaja swali la sheria yake, naye akasimama kumsimulia yule mtoto. Kila mwaka wa uchaguzi husimulia. Nakijua kisa hicho kwa moyo: mtoto wa miaka mitano, kikombe kimoja cha juisi mbichi, figo zikagoma, wiki nyingi hospitalini mama akilala sakafuni. "Uhuru wa nani," humalizia, "uliomsaidia mtoto yule?" Na watu hupiga makofi, na jana walipiga.

Muda wa maswali ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimeshaigusa kengele, mtu akasimama nyuma. Alikuwa Garrett Emmons, fundi anayetengeneza trekta langu, mtu asiyezungumza hata kwenye harusi.

"Naomba niseme kitu."

Everett alinitazama. Tangu tukiwa watoto kuna jicho ananitupia, maana yake funga mlango, Lois, kabla mama hajaona. "Muda umekwisha, mwenyekiti," alisema. Na kwa taratibu nilizoziandika mwenyewe, kweli ulikuwa umekwisha.

"Sema, Garrett," nikasema.

Alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Mtoto yule ni mimi. Mnanijua wote. Nimepona, namshukuru Mungu na mama yangu. Mzee Everett, umekuwa ukinisimulia tangu niko darasa la kwanza, na hujawahi kuja kuniuliza kama napenda kusimuliwa."

Akaigeuza kofia, akaendelea.

"Juisi ile ilikamuliwa na babu yangu. Hukumtaja, lakini ni nani humu ndani asiyejua? Kila uchaguzi ukija ulisimama hapo, na kila uliposimama babu aliacha kwenda kanisani mwezi mzima. Mwisho akaacha kabisa. Akafa haendi. Sheria yako labda ni nzuri, sijui. Mimi hata hayo maziwa mabichi sinywi. Lakini ungeweza kuitetea bila kunibeba mgongoni miaka yote hii. Nitampigia Calista. Si kwamba nayaamini yote anayosema. Yeye ameahidi kuniacha, na mimi naomba kuachwa. Basi."

Akakaa.

Neno la mwisho, kwa bahati nasibu tuliyochezesha mwanzoni, lilikuwa la Calista. Watu wake walikuwa wameshasogea kwenye kingo za viti. Angeweza kummaliza kaka yangu pale pale. Alisimama, akamtazama Garrett, akamtazama Everett, akasema, "Sina la kuongeza," akakaa.

Nikagonga kengele. Everett alichukua kofia yake, akanipita kama anavyopita nguzo ya umeme.

Septemba 6

Hakuja kula pai. Nimekula vipande viwili mwenyewe, na havikushuka vizuri.

Septemba 7, Jumapili

Kanisani Everett alikaa upande wa pili. Kurudi, Alrick alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya ghala bado na viatu vya kanisani.

"Mama bosi, nasikia mji umegombana."

"Haujagombana. Hatusemezani tu."

"Kwetu uchaguzi una kelele, watu wanatukanana hadi mama zao. Halafu wiki ya pili wanacheza dhumna pamoja. Ninyi mnanyamaza. Huo unyamavu wenu ndio unaonitisha."

Nilimwambia nami unanitisha. Akaniachia tufaa moja kwenye ngazi, kana kwamba sina mengine.

Septemba 8, Jumatatu

Trekta liligoma, Garrett akaja. Aliingia chini ya injini, na huko huko chini, nikiona miguu yake tu, akanisimulia.

"Mzee Everett alikuja kwangu Jumamosi."

"Kugombana?"

"Alisimama uani hadi nikatoka. Akaniambia, 'Nimekuja kuomba radhi kwako na kwa babu yako, na kwake nimechelewa.' Nikamwambia, mzee, bado kura yangu huipati. Akasema, 'Sikuja kuomba kura.' Nikamwambia, najua, ungekuja kwa kura nisingekutolea kahawa."

"Akanywa?"

"Vikombe vitatu. Amenieleza mambo ya babu nisiyoyajua. Kumbe walikuwa wakienda kuwinda pamoja kabla ya ile sheria. Nipe spana, ile ndogo."

Nikampa. Nilifurahi kwamba uso wake ulikuwa chini ya trekta na wangu nje.

Septemba 9, Jumanne. Kura za mchujo

Nimempigia kaka yangu kura. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Sikumpigia kwa ajili ya damu peke yake. Aliujua mji huu, na alikosea mbele ya watu, halafu akaenda mwenyewe kwa miguu yake kuomba radhi bila watu. Mtu wa namna hiyo nilitaka aendelee kukaa Concord.

Haikutosha. Calista ameshinda, si kwa nyingi, lakini si kwa chache za kuhesabiwa upya. Na si hapa tu. Simu zilikuwa zinaingia kutoka miji ya jirani: watu wa Niache wamewatoa wazee wengine pia, wanaume niliowajua tangu wakiwa vijana wa chama. Wengine walilia kwenye simu. Mmoja alisema chama kimekufa. Nilimwambia chama kimejaa watu hadi viti havitoshi, na maiti haina tabia hiyo.

Everett alimpa Calista mkono pale ukumbini mbele ya wote. Kisha akatoka, na mlangoni akanishika bega, sekunde moja. Ni vizuri. Nitalala.

Septemba 10, Jumatano

Asubuhi nilikuta mtu juu ya ngazi kwenye mstari wa McIntosh, kavaa suruali ya zamani ya baba.

"Kaka, shuka. Utavunjika."

"Nimefukuzwa kazi. Nipe mfuko wa kuchumia."

Nikampa. Tulichuma mti mzima. Alrick na wenzake walihamia mstari wa mbali kama watu wenye adabu. Ndipo Everett akasema, kichwa kikiwa ndani ya majani:

"Ungefunga mkutano."

"Ningeweza."

"Mbona hukufunga?"

"Nilitaka kumsikia."

Akachuma mawili matatu. "Na mimi nilitaka," akasema. "Lakini si pale. Ingawa mahali pengine popote labda nisingemsikia." Kisha akaniambia matufaa yangu ya upande wa kaskazini yana madoa, na kwamba sipulizii dawa ipasavyo. Nikajua mambo yamerudi mahali pake.

Septemba 17

Amechuma siku nzima tena. Alrick anasema Mzee Everett ni mchumaji mbaya ila ana hadithi nzuri za Bungeni, kwa hiyo wamekubaliana wambakize.

Septemba 27, Jumamosi

Calista alikuja jikoni, macho mekundu. Novemba atapambana na mgombea wa Wademokrati, mwalimu mstaafu, mtu mzuri aliyewafundisha nusu ya mji huu kusoma. Na nusu ya wazee wetu wanasema watabaki nyumbani siku ya kura.

"Hawanifungulii mlango, Bi Lois. Nawaona wanavuta pazia."

"Unabisha hodi saa ngapi?"

"Jioni, nikimaliza kukamua."

"Ni saa ya chakula, mwanangu. Hata Yesu wasingemfungulia."

Everett alikuwa mezani na pai yake. Nilidhani ataondoka. Badala yake akasogeza kiti cha tatu kwa mguu.

"Kaa. Ukifunguliwa mlango, unaanza na nini?"

"Nawaeleza kuhusu uhuru wa mtu na mali yake."

"Usianze na hilo. Waulize barabara yao ikoje. Halafu nyamaza."

"Wakiuliza ninachoamini je?"

"Waambie, usifiche hata kidogo. Lakini baada ya barabara."

Calista akatoa kalamu. Everett akaendelea: nani asikilizwe hadi mwisho, nani aagwe mapema, mbwa gani anauma. Wakaenda hivyo hadi pai ikaisha. Kisha Calista akaweka kalamu chini.

"Mzee, lazima nikwambie. Nikishinda, nitaleta mswada wa kuifuta sheria yako."

"Nilitegemea hivyo."

"Nilimuuliza Garrett kwanza. Akasema niandike sheria yoyote nitakayo, ila nisiweke mtoto ndani yake."

Everett alifuta mdomo taratibu. "Basi nitakuja mbele ya kamati kukupinga, nami sitaweka mtoto ndani yake. Nitakushinda kwa hoja tupu."

"Njoo, mzee. Nitakuwekea kiti."

"Mbele?"

"Mbele kabisa."

Wakabishana kuhusu bakteria mpaka nikawafukuza wote wawili, maana nilikuwa na kazi. Nilikuwa nimechoka na nina furaha, na nilipokuwa naosha sahani nilijikuta naimba.

Oktoba 5

Matufaa ya Cortland yamekwisha. Sasa tunakamua juisi kila siku. Ndiyo, tunaipasha moto.

Oktoba 11, Jumamosi

Wageni wa mjini wamejaa shambani kuangalia rangi za majani. Wamemaliza maandazi yote ya matufaa kabla ya saa sita. Calista alikuja kusaidia mauzo, akamwambia kila mteja kwamba juisi mbichi ni tamu zaidi. Everett, meza ya pili, akamwambia kila mteja kwamba bibi huyu ni hatari kwa afya. Tumeuza kuliko mwaka wowote.

Oktoba 20

Baridi kali, sakitu nyeupe juu ya majani. Garrett na Everett wamekwenda msituni na bunduki. Wamerudi mikono mitupu, wamefurahi mno kwa watu waliokosa nyama.

Oktoba 25, Jumamosi

Alrick na kikosi chake wameondoka. Ghala limekuwa kimya ghafla. Ameniambia nimsalimie "yule mbunge mchumaji", na kwamba mwaka ujao jiko la tatu lisingekuwa jambo baya.

Novemba 4, Jumanne. Uchaguzi

Upepo wa baridi tangu alfajiri. Nilipofika kwenye ukumbi wa mji na birika la kahawa, nje ya mlango, mahali wanaposimama watu wa kampeni, nilimkuta Everett. Kofia ya masikio, pua nyekundu, na bango la Calista mkononi. Calista mwenyewe alikuwa pembeni yake anatetemeka, akipeana mikono na watu.

Wazee waliokuwa wameapa kubaki nyumbani walikuja. Nadhani wengi walikuja kuhakikisha wenyewe kama ni kweli. Mmoja, rafiki wa Everett wa tangu shule, alisimama mbele yake akamkagua toka kofia hadi viatu.

"Everett, huyu si ndiye aliyekutoa?"

"Ndiye."

"Na umeshika bango lake."

"Nimeshika mti wenye karatasi. Mikono haina kazi siku hizi."

"Na kura yako umempa nani?"

Everett alinyoosha mgongo kama yuko Bungeni. "Hilo halikuhusu. Niache."

Calista aligeuka upande ili asionekane anavyocheka. Mzee yule aliingia ndani akitikisa kichwa, na alipotoka alimpa Calista mkono, akamuuliza kama anajua barabara yake ina shimo.

"Shimo la upande wa daraja au lile la sanduku la posta?" Calista akamuuliza.

Mzee akamwangalia Everett. Everett akaangalia mawinguni.

Mimi nimempigia Calista. Hilo nalo naliandika.

Novemba 5

Ameshinda. Mwalimu mstaafu alimpigia simu kumpongeza, na kumsahihisha neno moja katika kipeperushi chake.

Novemba 8, Jumamosi

Everett amempeleka Calista Concord kumwonyesha jengo la Bunge: mahali pa kuegesha gari, mlango usiokwama, na karani wa kumsalimia kwanza kila asubuhi. Wamebishana kwenda na kurudi, asema, na hajapata safari nzuri hivyo miaka mingi.

"Atakuwa mbunge mzuri?" nikamuuliza.

"Atakuwa msumbufu sana," alisema. "Atapiga kura ya hapana kwa vitu ambavyo hata Shetani angeviunga mkono." Akala pai kidogo. "Lakini anasoma kila ukurasa, Lois. Wengine wetu tulikuwa tumeacha kusoma."

Halafu akalala kwenye kiti karibu na jiko, mdomo wazi, bila miswada kifuani kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka juu ya miti mitupu. Nilimfunika blanketi, nikaenda kufunga ghala.